Tumwiteje Ndugu Huyu?



Wapendwa waamini, na ninyi wasomaji wetu wa kila juma mlio mbali na nyumbani, tulikusudia safari hii kuandika juu ya paa la kigango chetu cha Somanga na michango iliyosalia. Paa litangoja. Dominika iliyopita, baada ya Misa, watu wakiwa bado wamesimama kivulini wakiulizana bei ya samaki, mzee mmoja wa jumuiya alitujia na kutuuliza kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Baba Paroko, mtu aliyezaliwa mwanamume, naye sasa anavaa na kuishi kama mwanamke, na anataka aitwe kwa jina la kike, sisi tumwiteje?"

Vijana walicheka. Mzee mwenyewe hakucheka, wala hakuwa anatafuta neno la kuchekesha. Wajukuu zake huyaleta mabishano haya nyumbani kwa njia ya simu: leo Marekani wamesema hivi, kesho Uingereza wamehukumu vile, na barazani kila mmoja anageuka kuwa hakimu. Yeye alitaka kujua la kufanya siku atakapokutana na mtu wa namna hiyo njiani, uso kwa uso. Sisi tulimjibu kwamba Kanisa lina mafundisho yake, kisha tukaingia garini tukaondoka. Hilo halikuwa jibu. Mzee aliuliza juu ya kuita, nasi tulimjibu juu ya mafundisho.

Tulilikimbia swali lile kwa sababu tunayoijua, na hatuna budi kuisema. Miezi michache kabla ya hapo, tukihubiri juu ya maadili ya nyakati hizi, tulitumia neno moja la mitaani ambalo watu hutumia kuwataja wanadamu wa namna hiyo. Hatutaliandika hapa. Kanisa zima lilicheka, nasi tulipoona mahubiri yamechangamka tukaongeza la pili. Katika benchi la akina mama wa WAWATA alikuwapo mama mmoja ambaye hakucheka. Tangu siku ile hakuonekana tena katika jumuiya yake, na katekista alipokwenda kumjulia hali alimkuta mzima wa afya. Alichosema ni kwamba mwanawe aliyeko mjini, mbali na mkoa huu, ndiye tuliyemcheka. Sisi hatukujua. Lakini kutojua ni udhuru wa mtu aliyemkanyaga mwenzake gizani, ilhali sisi tulikuwa mchana kweupe, mimbarini, na kipaza sauti mkononi.

Basi turudi kwenye swali la mzee, na tuanze na lugha yetu wenyewe, kwa kuwa ni mali yetu na tunaijua.

Sehemu kubwa ya ugomvi unaoletwa na simu chimbuko lake ni lugha ya Kiingereza, ambayo ni vigumu kumsimulia mtu kwayo bila kumtangaza, katika kila sentensi, kuwa wa kike au wa kiume. Huko watu wanagombana kazini, shuleni na mahakamani juu ya kiwakilishi. Kiswahili hakina jambo hilo. Tunasema "amekuja", tunasema "anaumwa", tunasema "yeye", na mtu anaweza kumsimulia jirani yake tangu kuzaliwa hadi mazishini bila jinsi yake kujulikana, kama hakutaka ijulikane. Mwana ni mwana. Ndugu ni ndugu. Jirani, mgeni, mwenzetu, mgonjwa, marehemu: yote haya hayaulizi. Hata "shikamoo" hutaja heshima ya umri tu. Kwa hiyo anayetuletea Somanga vita ya viwakilishi ametuletea koti la baridi pwani.

Hata hivyo tusijisifu mapema. Ugomvi ambao hatuna katika viwakilishi tunao katika majina. Mnayajua maneno hayo, na mengi yalikuwa maneno mema kabla hatujayaharibu. "Shoga" ni neno ambalo wanawake wa pwani wameitana kwalo kwa mapenzi kizazi baada ya kizazi, rafiki na rafiki yake. Leo binti wa shule akimwita mwenzake hivyo darasani wenzake wanaziba midomo. "Hanithi" na "huntha" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini moja limekuwa tusi la kumtupia mwanamume yeyote anayeonekana dhaifu, na la pili limebaki neno la wanazuoni. Hapa tuwasifu jirani zetu Waislamu. Katika fikihi, masheikh wamelijadili suala la huntha, yaani mtu ambaye mwili wake tangu kuzaliwa hauonyeshi wazi kama ni wa kiume au wa kike, kwa utulivu wa kisheria: asimame safu ipi katika sala, na arithi fungu lipi. Waliona kwamba mtu huyo atakuja msikitini na atafiwa na baba yake, hivyo ni lazima apatiwe mahali. Sisi Wakatoliki wa huku hatuna hata neno tulilozoea kulitumia kanisani.

Yafaa tutofautishe, maana mitaani haya yote hutupwa katika kapu moja. Huntha ni suala la mwili aliozaliwa nao mtu. Mtu aliyebadili jinsia, yule ambaye mzee wetu alimuulizia, kwa kawaida alizaliwa na mwili usio na utata, lakini tangu utotoni au baadaye anajiona na kujitambua kuwa wa jinsia nyingine, naye ameamua kuishi hivyo, kwa mavazi, kwa jina, au hata kwa dawa na upasuaji. Na mtu anayevutwa na watu wa jinsi yake ni suala la tatu. Watatu hawa si mmoja. Anayewatukana wote kwa neno moja hajui hata anamtukana nani.

Kwa wenzetu wa Kenya mambo haya yamefika mahakamani, na inafaa tuyajue, kwa kuwa ni watu wa lugha yetu. Mwaka 2009 alizaliwa mtoto katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mwenye viungo vya namna zote mbili, na katika nafasi ya kuandika jinsi yake, hospitali iliweka alama ya kuuliza. Tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza tulikaa nayo kwa muda mrefu. Mtoto mchanga, na mahali ambapo kila mmoja wetu ana neno, yeye ana alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaitaka Serikali ieleze namna itakavyowashughulikia watoto wa aina hiyo. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja na kuwapa ulinzi. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru mfungwa mmoja huntha alipwe shilingi 500,000 za Kenya, kwa sababu askari wa gereza walimvua nguo na kumfanya maonyesho mbele ya wengine. Mahakama haikumwondolea kifungo chake. Ilisema tu kwamba hata mfungwa havuliwi utu.

Suala la Audrey Mbugua ndilo lililo karibu zaidi na swali la mzee wetu. Huyu ni Mkenya aliyefanya mtihani wake wa sekondari mwaka 2001 kwa jina la kiume alilopewa na wazazi, akafaulu vizuri sana. Baadaye alianza kuishi kama mwanamke na kubadili jina lake, lakini cheti kikabaki na jina la zamani na alama ya jinsi ya kiume. Hebu fikirini: mtu anakwenda kuomba kazi, anatoa cheti, na kabla hajaulizwa anachokijua anatakiwa aeleze yeye ni nani. Baraza la Mitihani la Kenya lilikataa kubadili. Mwezi Oktoba mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru atolewe cheti kipya chenye jina la Audrey na kisicho na alama ya jinsi. Wapo waliosema mahakama imevuka mipaka, wapo walioshangilia. Sisi tulivutwa na jambo dogo zaidi: maksi hazikubadilishwa. Alama ya jinsi ilipoondolewa, cheti hakikupungukiwa na elimu yoyote.

Hapa kwetu Tanzania kumbukumbu ni ya namna nyingine. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na akawataka wananchi wapeleke majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa Serikali. Siku zile chache zilitosha kutuonyesha tulivyo. Tusisahau kwamba jina la jirani likipelekwa, halipelekwi na malaika. Hupelekwa na mtu mwenye deni, mwenye wivu, mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Na kwa kuwa mitaani kila aliye tofauti ni mmoja, kijana mwenye sauti nyembamba au mwendo wa madaha, ambaye hana hatia yoyote hata kwa kipimo cha sheria, angeweza kujikuta kwenye orodha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika fundisho juu ya Amri ya Nane, inaihesabu hukumu ya harakaharaka kuwa dhambi, hata inapobaki moyoni bila kutamkwa. Hatukumbuki kusikia mtu akiiungama mwaka ule, na sisi wenyewe hatukuihubiri.

Sasa tuje kwenye mafundisho, ili asiwepo wa kusema tumeyaficha. Tarehe 8 Aprili 2024 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitangaza waraka uitwao Dignitas Infinita, juu ya hadhi ya mwanadamu isiyo na mipaka, ulioidhinishwa na Baba Mtakatifu Fransisko. Waraka unafundisha kwamba mwili ni zawadi tuliyoipokea, kwamba tofauti ya mume na mke haifutwi, na kwamba upasuaji wa kubadili jinsia, kwa kawaida, huhatarisha hadhi hiyo ya kipekee. Unaongeza kwamba mtu aliyezaliwa na kasoro katika viungo vya uzazi anaweza kusaidiwa na waganga, na kwamba huko si kubadili jinsia. Wapo Wakatoliki waliobadili jinsia, na wengine wanaosimama pamoja nao, waliosema waziwazi kwamba waraka huu umewaumiza, kwamba umeandikwa juu yao bila kuwasikiliza. Malalamiko hayo tunayataja kwa sababu yapo, na kwa sababu kuyasikia hakumpotezei mtu imani yake. Sisi tunafundisha lile ambalo Kanisa linafundisha.

Lakini waraka huohuo, kabla haujafika kwenye upasuaji, unakataza kumbagua mtu isivyo haki, na zaidi sana kumshambulia au kumtendea jeuri, kwa sababu ya mwelekeo wake, na unalaani kwamba ziko nchi ambako watu hufungwa, huteswa na hata kuuawa kwa sababu hiyo. Miezi mitano kabla yake, katika jibu la tarehe 31 Oktoba 2023 kwa askofu mmoja wa Brazil, Baraza hilohilo lilisema kwamba mtu aliyebadili jinsia, hata aliyetumia dawa na kupasuliwa, anaweza kubatizwa kwa masharti yaleyale ya waamini wengine, ilimradi pasiwepo hatari ya kuwakwaza waamini. Na Novemba ile, katika Siku ya Maskini Duniani, miongoni mwa walioalikwa kula chakula cha mchana na Papa pale Vatikano walikuwapo wanawake waliobadili jinsia kutoka Torvaianica, mji wa pwani karibu na Roma. Tunasema haya kwa faida ya wale wanaodhani kwamba ukali wa ulimi ndio kipimo cha uimara wa imani. Papa aliyeidhinisha waraka ule ndiye aliyekaa nao mezani.

Bwana wetu, alipokuwa anafundisha mlimani, aliifafanua amri ya kutokuua, na mfano aliouleta ni wa mtu anayemwita ndugu yake jina la dharau. Someni Injili ya Mathayo sura ya 5. Hakuuliza kwanza kama aliyetukanwa alistahili. Tusi aliliweka chini ya amri ya damu. Sisi mapadri tunaisoma Injili hiyo kila inapofika zamu yake, na wengi wetu tunaihubiri kuhusu watu wanaogombana sokoni.

Hapa msomaji makini atatuuliza, kama mwalimu mmoja alivyotuuliza juma hili kwa simu: "Sawa, Baba, nisitukane. Lakini nikimwita kwa jina la kike mtu ninayejua alizaliwa mwanamume, si nitakuwa nimesema uongo?"

Swali ni zito, na anayeliuliza kwa dhamiri safi asidharauliwe. Tulijibu hivi. Jina si cheti cha daktari. Hapa Somanga yuko nahodha mwenye wajukuu anayeitwa Kijana, na yuko mtu mweusi tititi anayeitwa Mzungu, na hakuna aliyewahi kuja kitubioni kwa kosa la kuwaita hivyo. Lakabu ya mtu tunaipokea alivyotupa, tukijua kwamba tunamwita tu, hatumtolei ushahidi mahakamani. Masista wengi walipoweka nadhiri walipokea majina mapya. Kardinali Robert Francis Prevost aliingia katika mkutano wa kupiga kura kwa jina hilo, na tarehe 8 Mei 2025 akatoka akiwa Leo XIV, nasi tukaanza kumwombea kwa jina jipya siku ileile. Tunakiri kwamba mifano hii haifiki mwisho wa jambo, kwa kuwa hakuna katika hao aliyebadili jina la kiume kwa la kike. Inafika mahali pamoja tu, nako kunatosha: kumwita mtu kwa jina alilojitambulisha nalo hakumlazimu mwenye kuita akubali yote ambayo mwenye jina anaamini juu ya nafsi yake.

Kuhusu maneno yanayotaja jinsi, kama "bibi" na "bwana", "dada" na "kaka", tunajua dhamiri zinatofautiana. Ambaye ulimi wake unakataa, lugha yetu imemwachia mlango mpana: amwite kwa jina, au amwite ndugu, neno ambalo taifa hili lilikwisha kulitumia kwa rais na kwa mkulima bila kumvunjia heshima yeyote. Na ambaye kwa adabu ya kawaida anamwita dada mtu aliyejitambulisha kama dada, hatuoni ana dhambi gani ya kuungama. Padri mwenzetu mmoja, ambaye tunamheshimu, haafikiani nasi katika hili la mwisho. Tulibishana naye usiku kucha na tukala kifungua kinywa pamoja. Yanayohusu ndoa, daraja na madaftari ya sakramenti yana sheria zake za Kanisa, wala hatuzigusi. Mzee hakuuliza juu ya altare. Aliuliza juu ya njiani.

Na juu ya njiani liko simulizi katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, ambalo sisi Waafrika tungepaswa kulijua kwa moyo, kwa kuwa ni safari ya Mwafrika. Afisa wa hazina ya Kandake, malkia wa Waethiopia, alikuwa anarudi kwao kutoka Yerusalemu, akisoma kitabu cha nabii Isaya garini. Maandiko yanamtaja kuwa towashi. Tusichanganye: towashi si mtu aliyebadili jinsia wa siku hizi, na tusiyaweke katika kinywa cha Maandiko maneno yasiyokuwamo. Lakini alikuwa mtu ambaye mwili wake ulimfanya awe wa pembeni, na Sheria ya Musa ilikuwa imemfungia mlango wa kusanyiko. Filipo alipomkaribia alikuwa na mambo mengi ambayo angeweza kuuliza. Alimuuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Akaalikwa kupanda, wakaketi pamoja, na walipofika penye maji ni towashi mwenyewe aliyeuliza kipi kinamzuia asibatizwe. Msomaji anayependa kufuatilia aendelee mbele katika Isaya, sura tatu tu baada ya maneno ambayo afisa yule alikuwa anayasoma, aone nabii anawaahidi nini matowashi. Ni ahadi ya jina.

Tumalizie na jambo lililotokea hapahapa, ambalo tulipaswa kulikumbuka mzee alipotuuliza. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo hili la Somanga, na mabasi yakakwama kwa siku kadhaa. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: watu walilala ndani ya magari, maji ya kunywa yakawa ya shida, na kila nyumba iliyo karibu na barabara ikawa na wageni. Miongoni mwa abiria alikuwapo mmoja aliyevaa kitenge na kujifunga mtandio, mwenye sauti nzito na mikono mipana. Vijana wa vibandani walipoisikia sauti yake walianza. Mliokuwapo mnayajua maneno yaliyosemwa, na wengine wenu mliyasema.

Mama mmoja mchuuzi wa samaki, Mwislamu, mtu wa umri wa bibi zetu, aliinuka alipokuwa amekaa na kumshika abiria yule mkono. "Huyu mgeni wangu," aliwaambia vijana. "Mwenye neno aje nalo uani kwangu, nina kuni za kupasua." Akakaa naye mpaka barabara ilipopitika. Walipika pamoja, na wakati wote alimwita Mgeni.

Tulipokutana naye baada ya maji kupungua, sisi, kwa udadisi ambao sasa tunauonea haya, tulimuuliza kama kwa kweli yule alikuwa mwanamume au mwanamke. Alitutazama kidogo kisha akatuuliza: "Padri, wewe ulimpelekea chakula?"

Hatukumpelekea.

Juma hili tulikwenda nyumbani kwa mama yule wa WAWATA. Tulimwomba radhi kwa lile tulilolisema mimbarini, na kwa kuwa tulilisema hadharani, tutaomba radhi hadharani pia Dominika hii, kabla ya mahubiri. Hakutupokea kwa wepesi. Alitusikiliza akiwa anachambua mchele, akatuambia kwamba mwanawe bado huenda Misa huko aliko, hukaa viti vya nyuma na kutoka kabla ya baraka ili asisalimiwe. Hakutuambia anaitwa nani siku hizi, nasi hatukuuliza. Tulipoaga alituletea bahasha ya nia ya Misa. Ndani yake ameandika: kwa ajili ya mwanangu. Itasomwa Jumatano asubuhi kama ilivyoandikwa.

Kikao cha jumuiya kilichoahirishwa kitakuwa Jumamosi saa kumi alasiri, baada ya rozari. Tutasoma Matendo ya Mitume 8:26-40, na mzee aliyeuliza swali amekubali kuwa msomaji. Habari za paa tutazirudia juma lijalo.

Tumsifu Yesu Kristo.